Kiporo cha pilau hakikunuka chochote, na nyumba nzima ikatapika

#1 Mpishi wa Ngamiani

Asalaam alaykum, na kwa wengine habari za usiku wakuu. Uzi huu utakuwa mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye friji na mwenye kiporo jikoni sasa hivi akae.

Mie ni mpishi wa shughuli hapa Tanga. Harusi, khitma, maulidi, arobaini, nimepika kuanzia Chumbageni hadi Pongwe. Sufuria la kilo 20 za mchele halinitishi. Ndiyo maana yaliyonikuta mwezi uliopita yameniuma, kwa sababu yamenikuta kwangu, kwa mkono wangu.

Ilikuwa akika ya mjukuu wa dada yangu, Jumamosi. Pilau ikabaki karibu nusu sufuria. Saa 4 usiku watu wote hoi. Nikaifunika, juu nikabandika kitambaa kizito, chini nikaacha yale makaa yaliyokuwa yanafia kwenye majivu. Nikasema italala na joto lake. Asubuhi saa 2 nikaipasha mpaka ukoko ukalia. Nikanusa. Nikaonja. Pilau ya jana mwaijua, viungo vimeingia, ilikuwa tamu kuliko ya mchana wake. Tukala watu 9 na chai ya rangi.

Saa 4 mtoto wa kwanza akatapika. Kufika saa 6 tulikuwa 7 tunagombania choo kimoja.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Shemeji yangu ndiye wa kwanza kusema, "Tumetiliwa kitu." Kulikuwa na jirani aliyepita asubuhi kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akapitia jikoni. Basi. Hadi adhuhuri jina lake lilishatajwa mara tatu, na kuna mtu alishaanza kuuliza nauli ya kwenda kwa mtaalamu huko Muheza. Tulipofika hospitali, daktari kijana kabisa, umri wa mwanangu, akatusikiliza wote, kisha akauliza swali moja: "Hicho chakula kililala wapi?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akatupa pakiti za ORS, akasema tunywe kidogo kidogo, na jioni tutakuwa wazima. Na kweli.

Alichonieleza nakileta hapa kama nilivyokielewa. Kuna kijidudu kinaitwa Bacillus cereus. Makazi yake ni udongoni, kwa hiyo shambani kimo na kwenye mchele kimo, hata uwe umeuosha maji saba. Ukipika chenyewe kinakufa, ila kinaacha mbegu zenye ganda gumu ambazo maji yanayochemka hayaziui. Sufuria likianza kupoa polepole, zile mbegu zinaota, zinazaana usiku kucha, na kutema sumu ndani ya wali. Asubuhi unawasha moto. Vijidudu unaviua, sumu inabaki, kwa sababu sumu si kitu hai, huwezi kukiua kisicho hai. Kutapika kunaanza ndani ya saa 1 hadi 6. Na sumu hiyo haina harufu wala ladha.

Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu vya chakula vinapostawi. Sasa nambieni wenyewe, sufuria zito lililofunikwa kitambaa, juu ya majivu ya moto, usiku wa kaskazi, hapa Tanga, liko nyuzi ngapi? Mie sikukihifadhi chakula. Nilikitandikia kitanda.

Tangu siku ile kunusa nanusa bado, ila swali la kwanza ninalouliza ni la yule kijana: kimelala wapi, na tangu saa ngapi.

Kwa wapishi wenzangu: chakula kisikae nje zaidi ya saa 2 baada ya kutoka motoni. Pilau iliyobaki usiiache kwenye sufuria. Imwage kwenye masinia, itandaze isizidi vidole viwili kwenda juu, ipepee au washa feni, kisha ndiyo ipelekwe kwenye friji, kwenye mabakuli madogo. Kama friji haitoshi, wagawie wageni waondoke nayo usiku ule ule wakiijua saa yake. Ukipasha, pasha yote imoto hasa, na mara moja tu. Kilichobaki cha kiporo hakina kiporo.

#2 Mwana Makorora

Pole sana mama. Swali langu ni dogo tu. Shemeji kashamuomba radhi jirani?

#3 Mpishi wa Ngamiani

Bado. Nimempelekea jirani mkate wa kumimina, wote mzima. Kashukuru sana, hajui ni wa nini.

#4 Mzee Kisosora

Nyie watoto mnatishana. Mie nina miaka 67, kiporo nimekula tangu najua kushika kijiko. Wali wa jana, maharage ya jana, samaki wa jana. Tulikwenda skuli na kiporo tumboni, tukarudi tunakimbia. Hizo Bacillus zimekuja lini?

#5 Mpishi wa Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Sikubishii, nami nimekulia kwenye kiporo hicho hicho. Lakini nikumbushe: siku hizo kwenu sufuria lilikuwa la ukubwa gani? Kwetu bibi alipika chungu cha watu 12 tukala watu 14. Kilichobaki ni makombo ya bakuli moja. Bibi alikitia kwenye bakuli wazi, akakifunika kwa kawa la ukindu, akakipandisha kwenye susu juu, kikaning'inia upepo unapita. Bakuli dogo namna hiyo linapoa upesi. Sufuria la kilo 20 likifunikwa, katikati yake bado ni vuguvugu alfajiri.

Na si kila sufuria linatoa sumu. Ndiyo inavyotudanganya hii kitu, mara 50 unakula salama, ya 51 unalala hospitali na unamtafuta mchawi.

#6 Mzee Kisosora

Marahaba. Hapo kwenye susu umenigusa. Paka alikuwa anakaa chini anakodoa macho usiku kucha.

Na nikubali jambo moja. Mama yangu chakula cha tui hakukilaza hata siku moja. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki wa nazi, mchicha wa nazi, vyote mwisho wake ni usiku ule ule. Akibakisha anampa jirani. Nilidhani ni ukarimu.

#7 Dada wa Sahare

Mzee umenichekesha. Lakini ni kweli, tui likikaa tangu mchana, magharibi limeshaanza kuchacha, unaliona limetoa vipovu pembeni na limekuwa na utelezi. Mie siku hizi nakuna nazi tatu kwa mpigo, nachuja tui zito, natia kwenye vimfuko vya mchuzi mmoja mmoja, nagandisha. Siku ya kupika natoa kimfuko natumbukiza hivyo hivyo. Linajitenga kidogo, ukikoroga linarudi. Tui bichi likiwa frijini tu, si friza, nalipa siku moja, likizidi sana mbili.

Nazi yenyewe: kabla ya kununua itikise usikie maji, kisha tazama yale macho matatu. Yakiwa na ukungu au unyevu, irudishe. Usione aibu mbele ya muuzaji.

#8 Fundi Friji TA

Wakuu naona mnasema "tia frijini" kama vile friji zote zinafanya kazi. Nimetengeneza friji mji huu miaka 14. Niwape siri za kazi, bure.

Moja, mpira wa mlango. Chukua noti ya elfu mbili, ibane katikati ya mlango na friji, funga, kisha ivute. Ikitoka kama imepakwa mafuta, mpira umekwisha na baridi yako inapoza jiko. Zungusha noti pande zote, mara nyingi unaachia kona ya chini.

Pili, kile kitufe cha kuzungusha chenye 1 hadi 7. Nusu ya wateja wangu wanadhani 7 ni nyuzi 7, wanakiweka 2 wapate nyuzi 2. Sivyo! Ile ni nguvu. Namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Nimekuta nyumba friji iko 1 mwaka mzima, maziwa yanalala kwenye nyuzi 12, wanalaumu ng'ombe. Friji inatakiwa iwe chini ya nyuzi 5, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Nunua kipimajoto kidogo ukiache humo ndani.

Tatu, mlangoni ndipo pana joto kuliko kwote, kila ukifungua panapigwa na hewa ya nje. Waliotengeneza friji wakaweka pale vitundu vya mayai. Sijui waliwaza nini. Weka mlangoni achari, tomato ya chupa, maji. Mayai na maziwa ndani. Nyama na samaki wabichi shelfu ya chini kabisa, ndani ya bakuli, maji yake yasidondokee kachumbari.

Nne, msijaze mpaka hewa haipiti. Friji si kabati la nguo.

#9 Mwana Makorora

Fundi, na umeme ukikatika je? Maana mtaani kwetu wiki iliyopita ulikatika alfajiri ukarudi usiku.

#10 Fundi Friji TA

Usifungue. Hilo tu. Friji iliyofungwa inashika baridi kama saa 4. Friza iliyojaa inaweza kufika saa 48, ikiwa nusu hesabu saa 24. Wengi wanafungua kila nusu saa waone kama vimeyeyuka, na huko kufungua ndiko kunakoviyeyusha. Kama friza yako ina nafasi, jaza chupa za maji yagande, zinakaa badala ya barafu.

Na wale mnaosafiri: gandisha maji kwenye kikombe, juu ya barafu weka sarafu, acha kikombe ndani ya friza uende zako. Ukirudi sarafu iko juu, sawa. Ukiikuta imezama chini, ujue umeme ulikatika muda mrefu, kila kitu kikayeyuka kikaganda tena, nawe usingejua maana umekuta vyote vigumu kama mawe.

#11 Mpishi wa Ngamiani

Hii ya sarafu sikuijua. Kesho naweka.

#12 Bi Mtungi

Na sisi tusio na friji? Naona kila mtu anasema friji friji.

Mwanangu alinionyesha kwenye simu chungu ndani ya chungu, katikati mchanga unaloweshwa maji, ati kinapoza mboga siku nyingi. Kuna mtu kakifanya hapa Tanga?

#13 Fundi Friji TA

Hicho ni kitu cha kweli Bi Mtungi. Aliyekieneza ni mwalimu mmoja wa Nigeria ya kaskazini, Mohammed Bah Abba, akapata hadi tuzo ya kimataifa kwa ajili yake. Kinapoza kwa sababu maji yakikauka kwenye udongo yanaondoka na joto. Lakini Nigeria kaskazini ni kukavu, karibu na jangwa. Hapa kwetu wakati wa masika kanga uliyoanika jana asubuhi leo bado mbichi. Kama kanga haikauki, mtungi utapoa kwa lipi? Kwa Dodoma kingefaa sana. Pwani kitakupunguzia joto kidogo, mchicha na nyanya zitakushukuru, ila usithubutu kuweka nyama wala maziwa humo.

#14 Bi Mtungi

Nimekuelewa. Basi nitaendelea na yangu. Nanunua samaki wa siku, nakaanga wakauke hasa, walio na ziada nawatia chumvi na kuwapasua ng'onda. Embe na ndimu natia achari. Kijiko kikavu tu kinaingia kwenye chupa, akija mtoto na kijiko chenye maji namkaripia mbele ya wageni.

#15 Mlabahari

Nimekaa kimya nasoma, sasa nyote mmefika kwangu. Mie niko soko la Deep Sea kila alfajiri, nauza na nanunua.

Mwenye uzi kasema pua haitoshi kwa wali. Naongeza: kwa jodari, vibua na nguru haitoshi pia. Samaki hawa wa nyama nyeusi wakikaa bila barafu, bakteria wanabadilisha kitu kilichomo kwenye nyama yao kinakuwa histamini. Ikishaingia haitoki. Kaanga, chemsha, gandisha, tia ndimu debe zima, imo. Na samaki anaweza asinuke kabisa.

Ukimla, mdomo unawasha kama umetafuna pilipili manga. Ndani ya dakika chache, au saa moja hivi, uso unawaka moto, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, wengine wanatoka vipele. Kisha yule mtu anakwambia "mie nina aleji ya samaki," anaacha kula samaki maisha yake yote, Mtanga mzima! Kumbe ni yule jodari mmoja aliyezungushwa juani kwenye beseni tangu saa 12 asubuhi hadi saa 8. Mkianza kuhisi ule muwasho mdomoni, temeni, msione haya. Na mtu akianza kukosa pumzi, hospitali mbio.

Ukiwa sokoni macho ya samaki yawe yamejaa na yanang'aa, si yaliyotumbukia na kuwa meupe kama ya mzee wa mtoto wa jicho. Funua shavu, matamvua yawe mekundu, si ya udongo. Bonyeza kwa kidole, nyama irudi. Shimo likibaki, mwache. Harufu iwe ya bahari. Samaki mzuri hanuki "usamaki".

Halafu wa baruti. Uvuvi wa baruti ulitutesa sana mkoa huu, sasa umepungua mno ila bado mtu mjanja atakuletea. Kwa nje kolekole anapendeza, macho safi, kafa leo. Mpasue. Damu imevilia ndani, uti wa mgongo umevunjika, nyama ni tepetepe. Huyo anaharibika haraka kuliko mwenzake wa ndoano au nyavu, maana ndani kila kitu kimepasuka na uchafu wa tumboni umeingia nyamani. Na kumnunua ni kumlipa anayevunja matumbawe yetu.

Barafu sasa. Kwa joto hili letu ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Wateja wananunua kilo 5 za changu na barafu ya mia tano. Hiyo ni kumpa samaki kumbukumbu ya barafu. Toa matumbo na matamvua, osha, panga barafu chini, samaki, barafu juu, na maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea, asiogelee humo.

#16 Dada wa Sahare

Kumbukumbu ya barafu!! Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Papa mkavu je? Nina mmoja tangu mwezi wa saba.

#17 Mlabahari

Papa mkavu hana haraka, ila hewa yetu inamrudisha unyevu. Akilegea, mwanike tena. Ukiona ametoka madoa ya rangi ya waridi, au amekuwa na utelezi, mtupe. Akiwa na mafuta ya njano yanayochoma koo, hatakuua lakini mchuzi wote utaharibika. Usimfunge kwenye mfuko wa nailoni, anatoa jasho. Gazeti na kapu.

#18 Mrangi wa Mikanjuni

Habari zenu watu wa pwani. Mnazungumza wali na samaki, hakuna aliyegusa mahindi. Mie kwetu ni Kondoa, na hapa ndipo ninapotaka kusema kwa herufi kubwa lakini nitajizuia.

Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua: macho ya njano, tumbo limejaa, kutapika. Watu kama 20 walikufa, wengi wao watoto. Nako pia maneno ya kwanza yalikuwa ya kulogana. Ilipochunguzwa ikawa ni sumukuvu ndani ya mahindi ya nyumbani kwao wenyewe. Kenya mwaka 2004 walikuwa wamepoteza watu 125 kwa jambo hilo hilo.

Sumukuvu inatolewa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Moto wa ugali hauiondoi, wala kukaanga karanga hakuitoshi. Kwa kiasi kidogo kidogo huugui leo, inakula ini miaka na miaka. Na mahindi yakishasagwa hujui tena. Unga ni mweupe tu.

Ilivyogunduliwa ni kisa chenyewe. Uingereza mwaka 1960 walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, wakauita ugonjwa X kwa kukosa jina. Kumbe wamelishwa mashudu ya karanga zenye ukungu. Kwa hiyo ile tabia ya "haya mahindi mabovu tumpe kuku", ikomeni. Kuku anadhurika, na ng'ombe akila inatokea kwenye maziwa mnayompa mtoto.

#19 Mpishi wa Ngamiani

Mrangi, ahsante, hii imenitisha kuliko pilau yangu. Sasa mtu wa mjini anayenunua gunia moja sokoni Mgandini atajuaje?

#20 Mrangi wa Mikanjuni

Ukavu atajua. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kiganja kimoja, tia mahindi yafike robo au theluthi, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi bado, yamepita unyevu wa asilimia 15. Ikidondoka yote chini, yako chini ya hapo. Ya kuweka muda mrefu yawe 13 kushuka chini.

Kisha yachambue. Yaliyopasuka, yaliyobunguliwa, yaliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au nyeusi, toa yote. Huwezi kuiona sumu, lakini mara nyingi imejificha kwenye punje hizo hizo. Karanga vivyo hivyo, ile moja chungu unayoitema, usiimeze kwa haya.

Sasa kosa la pwani: mnanunua mahindi makavu kutoka bara, mnayalaza juu ya sakafu ya saruji, yameegemea ukuta. Sakafu inatoa unyevu, mahindi yanaunywa. Weka juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kiganja kizima. Au mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu, unafunga hewa isiingie, fukusi na dumuzi wanakufa humo ndani bila dawa.

#21 Dada wa Sahare

Nanunua dona kilo 10, wiki ya tatu inakuwa chungu. Ni hiyo sumukuvu?

#22 Mrangi wa Mikanjuni

Hapana dada, uchungu ule ni mafuta ya kiini cha mahindi yamechacha. Sembe kiini kimetolewa, ndiyo maana inadumu. Dona nunua kilo 3, 4, au weka frijini. Unga wenye vijidudu ukiuweka friza siku 4 wanakufa pamoja na mayai yao, unachekecha, unapika. Hao si sumu. Ila unga wenye vibonge na harufu ya ukungu, hapana.

#23 Kijana wa Geto

Jamani na mie niulize, naishi peke yangu. Mayai nina trei, nusu sijui ya lini. Mkate una kadoa kamoja ka kijani pembeni, nikikata pale nile? Na maziwa ya paketi tarehe imepita jana.

#24 Mpishi wa Ngamiani

Mwanangu, yai litie kwenye bakuli la maji. Likilala chini ni jipya. Likisimama wima limezeeka kidogo, lipike likauke. Likielea lina hewa nyingi ndani, ni la zamani sana, mie silili. Na kila yai livunjie kikombeni kwanza. Niliwahi kumwagia moja lililooza kwenye mchanganyiko wa mayai 30 ya keki ya harusi.

Mkate tupa wote. Doa unaloliona ni ua, mizizi imeshapita ndani, mkate ni laini inatembea. Kwenye karoti au kabeji ngumu ningekwambia kata sehemu kubwa ule.

Maziwa ya kuisha jana, kama yamekaa kwenye friji yenye baridi kweli na hayajafunguliwa, chemsha kidogo. Yakikatika mwaga. Ila usidhani yatakuwa mtindi. Mtindi unatokana na bakteria wazuri, na kwenye maziwa ya paketi wale walishauawa kiwandani, kwa hiyo yanaharibika kwa uchungu na uvundo, si kwa kuchacha kule kutamu.

Na kopo lililofura, la aina yoyote, usilifungue kunusa. Kuna sumu ya makopo inayolegeza misuli mpaka pumzi. Tupa likiwa limefungwa, mbali na watoto.

#25 Kijana wa Geto

Nimetia mayai kwenye ndoo. Yameelea 6 yamesimama kama wanajeshi 4. Sina la kusema.

#26 Mzee Kisosora

Nirudi tena. Jana mke wangu alipika wali wa nazi ukabaki. Nikamwambia tandaza kwenye sinia upepee. Ananitazama kama nimepatwa na kitu. Nikamwonyesha uzi huu. Sasa anasema tangu lini nasikiliza ushauri wa jikoni wa wanawake wa kwenye simu, yeye kaniambia miaka 40 sikumsikia.

#27 Mpishi wa Ngamiani

Mpe salamu zangu mzee. Ana haki yake.

#28 Mwana Makorora

Wakuu nimerudi kutoka Lushoto, nilikaa siku 5. Kabla ya kuondoka niliweka kikombe cha fundi na sarafu ya mia mbili juu ya barafu. Nimefungua friza sasa hivi. Vyote vigumu kama mawe, barafu safi, hakuna harufu yoyote. Sarafu iko chini.

Nina kuku wawili, jodari kilo 3 na nyama ya kusaga.

#29 Fundi Friji TA

Chini kabisa au katikati?

#30 Mwana Makorora

Chini kabisa, imegusa kikombe.

#31 Mlabahari

Huyo jodari hata usimfikirie.

#32 Mwana Makorora

Na kuku?

#33 Mpishi wa Ngamiani

Na kuku, na ya kusaga. Fukia, usiwape paka.

#34 Mwana Makorora

Nipo uani na jembe. Jirani kachungulia ukutani saa hizi za usiku, anauliza nazika nini.